Kuwavurugia Bakteria Mazungumzo: Historia Iliyopitia Chiromo na Gigiri

Ubao mpya ukitumbukizwa baharini alfajiri, kufikia adhuhuri umeshapata wakazi. Katika dakika za kwanza hugandwa na chembe za protini na sukari zinazoelea majini. Saa chache baadaye hufika bakteria, hujishikiza, hugawanyika na kutoa ute unaowafunika. Siku zikipita, miani midogo isiyoonekana kwa macho hutua juu ya ute huo. Baada ya majuma kadhaa huja mabuu ya chaza, kome na viumbe wengine wa ganda gumu, wakajenga makao yasiyobanduka ila kwa patasi.

Mabaharia wamewapiga vita hao wa mwisho kwa karne nyingi kwa sababu ndio wanaoonekana. Hao wa kwanza, bakteria na utando wao, hawakupata mpinzani anayewaelewa hadi nusu ya pili ya karne ya 20. Mpinzani huyo alikuja na wazo ambalo wajenzi wa meli hawakuwa wamelifikiria: badala ya kuwaua bakteria, wazuie wasisikizane.

Wazo hilo lilizaliwa mbali na Kenya. Hata hivyo, ukilifuata tangu mwanzo utajikuta mara kwa mara Nairobi, mji ulio zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini. Chiromo wanasayansi walichunguza lugha ya kemikali ya wadudu wakati wenzao wa Marekani wakichunguza ile ya bakteria. Gigiri zilitungwa kanuni za kuamua nani atanufaika na viumbe vyenye siri hizo. Wanaosimulia historia ya rangi za meli huiacha sehemu hii, na mimi naiona kuwa ndiyo inayotuhusu zaidi.

Shahamu, sifa na moto: hadi miaka ya 1760

Mfanyabiashara wa karne ya 1 aliyeandika Periplus kwa Kigiriki alitaja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu. Uzao wa vyombo hivyo, mitepe ya Lamu na visiwa jirani, ulidumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi zilihitaji kutunzwa kila mara. Juu zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini, sehemu inayozama, zilipakwa shahamu iliyokorogwa na chokaa.

Mafundi walisaidiwa na bahari yenyewe. Wakati wa bamvua, maji ya pwani ya Kenya hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Nahodha alikipweleza chombo mchangani, akangoja maji yapwe, kisha watu wakakwangua ganda, wakawasha makuti na kupitisha moto ubavuni ili kuwaua wadudu watoboao mbao. Shahamu mpya ilipakwa kabla maji hayajajaa. Kazi hiyo ilirudiwa katika msimu mzima wa safari, na hadi leo ufuoni Lamu utaikuta.

Nauheshimu utaratibu huo kwa sababu moja kubwa: haukuacha sumu ya kudumu katika hori. Gharama yake ilikuwa jasho la watu. Lakini ulihitaji chombo kinachoweza kulala ubavu mchangani, na karne mbili zilizofuata zilileta vyombo visivyoweza.

Shaba: 1761 hadi katikati ya karne ya 20

Mwaka 1761 Jeshi la Majini la Uingereza liliivika manowari HMS Alarm mabamba ya shaba chini kote. Ganda halikuota na wadudu hawakupenya, ila misumari ya chuma iliyogusana na shaba ililika vibaya. Tatizo la misumari lilipotatuliwa, shaba ilienea katika jeshi zima kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1770.

Kwa nini shaba ilifaulu? Jibu lilipatikana kwa bahati mbaya. Mwaka 1824 mkemia Humphry Davy alijaribu kuizuia shaba isilike kwa kuifungia vipande vya chuma. Alifanikiwa: shaba ikaacha kulika. Papo hapo ganda likaanza kuota juu yake. Ikabainika kwamba kinga haikuwa bamba lenyewe bali shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo na kuwatia sumu viumbe waliokaribia. Funzo hilo liliongoza tasnia kwa zaidi ya miaka 150: kinachozuia ganda ni sumu inayovuja. Meli za chuma zilipokuja, zisizoweza kuvikwa shaba, sumu ikahamishiwa kwenye rangi.

Nairobi ilizaliwa katika enzi hiyo. Reli iliyofika hapa mwaka 1899 ilijengwa kwa mataruma, mabehewa na injini zilizoshushwa Mombasa kutoka katika meli za namna hiyo. Tangu wakati huo kila ganda linalopunguza mwendo wa meli limekuwa na bei yake katika mji huu, iwe ni ngano, mafuta ya gari au marobota ya mitumba. Mwaka 2007 mhandisi Michael Schultz wa chuo cha Jeshi la Majini la Marekani alikadiria gharama hiyo kwa manowari moja. Utando mzito wa ute pekee, bila ganda hata moja, uliilazimu injini itoe nguvu zaidi kwa takriban asilimia 21 ili kushika mwendo ule ule. Ganda likikolea, nyongeza ilikaribia asilimia 86.

Sumu kali na mkataba wenye jina la Nairobi: miaka ya 1960 hadi 1985

Katika miaka ya 1960 ilienea rangi yenye tributiltini, mchanganyiko wa madini ya bati unaojulikana kwa kifupi TBT. Ilifanya kazi vizuri kuliko kitu chochote kilichotangulia, na meli iliweza kukaa miaka kadhaa bila kurudi cherezoni. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, wafugaji wa chaza katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, waliona chaza wao wakishindwa kuzaa na maganda yao yakifura na kuharibika. Konokono wa baharini wa kike nchini Uingereza walianza kuota viungo vya kiume. Mwaka 1982 Ufaransa ilipiga marufuku rangi hiyo kwa mashua ndogo, na Uingereza ikafuata mwaka 1987. Mkataba wa kimataifa wa kuizuia kwa meli zote ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008. Robo karne ilipita kati ya ushahidi wa Arcachon na marufuku ya dunia, na katika muda huo sumu iliendelea kutulia katika tope la bandari.

Wakati Arcachon ikilia, Nairobi ilikuwa tayari makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Lilianza kazi mwaka 1973 katika jumba jipya la KICC, katikati ya jiji, kabla ya kuhamia Gigiri. Chini ya Mostafa Tolba, mwanasayansi wa Misri aliyekuwa amesomea viumbe vidogo na magonjwa ya mimea, shirika lilijenga mpango wa bahari za kikanda. Tarehe 21 Juni 1985 nchi za ukanda wetu zilipitisha Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari na pwani ya Afrika Mashariki. Ulianza kutumika mwaka 1996, na ofisi zake ziko Gigiri hadi leo. Mkataba huo haukutunga rangi yoyote. Ulizitaka serikali kuuchukulia uchafu utokao melini kuwa tatizo lao la pamoja, na kuanzia hapo kutia sumu majini hakukuwa tena siri kati ya mwenye meli na fundi wake.

1970: mwaka mmoja, maabara mbili

Mwaka 1970, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings walichapisha utafiti kuhusu bakteria wa baharini watoao mwanga, wanaojulikana zaidi kwa jina la Vibrio fischeri. Walikuwa wamegundua jambo la ajabu. Bakteria hao wakiwa wachache katika chupa hawawaki. Wakiongezeka hadi kiwango fulani, wote huwaka. Kitu fulani walichokuwa wakikitoa wenyewe majini ndicho kilichowaambia kwamba wametosha.

Katika Bunge la Kitaifa, Nairobi, wabunge wasipotimia 50 hakuna shughuli inayoendelea. Bakteria wana utaratibu unaokaribiana na huo. Kila mmoja huvujisha molekuli ndogo. Wakiwa wachache molekuli hupotea majini. Wakisongamana hujaa, huingia tena ndani ya seli na kuwasha jeni ambazo zingekuwa hasara kwa kiumbe aliye peke yake. Mwaka 1981 kundi la Anatol Eberhard liliitambua molekuli ya Vibrio fischeri kuwa mojawapo ya laktoni za homoserini. Mwaka 1994 wanasayansi watatu, Fuqua, Winans na Greenberg, waliuita utaratibu huo utambuzi wa akidi, na jina likashika.

Mwaka huo huo wa 1970, katika kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, pembezoni mwa Westlands, Profesa Thomas Odhiambo alianzisha kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, ICIPE. Aliwashawishi wanakemia mashuhuri wa dunia kushiriki kuongoza utafiti, miongoni mwao Carl Djerassi na Jerrold Meinwald, na kituo kikajikita katika kemikali ambazo wadudu huzitumia kuitana, kuonyana na kutafuta chakula. Baadaye kilihamia Kasarani. Katika miaka ya 1990 wanasayansi wake, wakiongozwa na Zeyaur Khan na wakishirikiana na Rothamsted ya Uingereza, waliwapa wakulima wa magharibi mwa Kenya mbinu ya kusukuma na kuvuta: desmodiamu ikipandwa kati ya mahindi hutoa harufu inayomfukuza nondo wa kiwavi kitobozi, na matete pembezoni mwa shamba humvuta akatage huko.

Sidai kwamba Chiromo ilifundisha Harvard, wala Harvard Chiromo. Nasema kwamba fikra ya kumshinda kiumbe kwa kuingilia ishara zake, bila kumwaga sumu shambani au baharini, haikuwa ngeni Nairobi. Ilikuwa na maabara hapa tangu mwaka ule ule. Mwanafunzi wa biolojia anayevuka daraja la Chiromo leo anatembea katika mojawapo ya machimbuko yake.

Bahari iliyowaka Somalia: 1995

Mabaharia wa Bahari ya Hindi wamesimulia tangu zamani juu ya usiku ambao bahari nzima hung'aa weupe mpaka upeo wa macho, bila mawimbi kuichochea. Mwaka 1985 watafiti waliokuwa kwenye meli ya Marekani karibu na Socotra walichota maji ya namna hiyo, wakakuta bakteria wa mwanga aina ya Vibrio harveyi. Miaka kumi baadaye, tarehe 25 Januari 1995, meli ya mizigo ya Uingereza iitwayo Lima ilipita katika weupe huo mashariki ya pwani ya Somalia. Mwaka 2005 Steven Miller na wenzake walirudi kwenye picha za setilaiti za siku hizo na kuukuta mng'ao wenyewe, ukionekana kwa usiku tatu mfululizo katika eneo la kilomita za mraba 15,400. Hilo ni takriban mara 22 ya Kaunti ya Nairobi.

Kwa kadiri wanasayansi wanavyofahamu, ule ulikuwa umati wa bakteria uliotimiza akidi. Tunapozungumzia bakteria wanaowasiliana, basi, mojawapo ya maonyesho makubwa yaliyowahi kupimwa lilitokea kwenye njia ya majahazi ya kaskazi, kati ya Uarabuni na sisi.

Mwani wa Sydney na bahari ya Muscat: 1996 hadi 2011

Kutoka mwanga hadi utando kulihitajika hatua mbili. Ya kwanza ilitokea Australia. Staffan Kjelleberg, Peter Steinberg na Rocky de Nys wa Chuo Kikuu cha New South Wales walishangazwa na mwani mwekundu wa pwani ya Sydney, Delisea pulchra, ambao ngozi yake hubaki safi wakati majirani wake wamejaa uchafu. Waliona kwamba hutoa furanoni, kemikali zinazofanana kwa umbo na laktoni za bakteria. Mwaka 1996, pamoja na Michael Givskov wa Denmark, walionyesha kwamba furanoni hizo huvuruga ishara za bakteria. Mwani ulikuwa ukifanya hivyo kabla ya mwanadamu kuwa na hadubini.

Ya pili ilikuja mwaka 1998. Utafiti wa David Davies na wenzake ulionyesha kwamba bakteria Pseudomonas aeruginosa aliyenyimwa ishara zake alijenga utando mwembamba na dhaifu, uliobanduka kwa urahisi. Sasa mawasiliano na utando vilikuwa vimeunganishwa. Mwaka 2000 watafiti wa Singapore walipata kwa bakteria wa udongo kimeng'enya kinachoziharibu laktoni hizo. Mwaka 2002 Ian Joint wa Plymouth na wenzake wakaongeza jambo lililowashtua wengi: mbegu zinazoogelea za mwani wa kijani aina ya Ulva, ambao hata pwani ya Kenya unaota, huzisikia ishara za bakteria na kuzitumia kuchagua mahali pa kutua. Kuwanyamazisha bakteria, kwa hiyo, kungeweza pia kumpotezea njia mgeni wa pili.

Jaribio ninalolithamini zaidi lilichapishwa mwaka 2011, likiongozwa na Sergey Dobretsov wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Muscat, mji ambamo Kiswahili bado kinasikika majumbani. Kundi lake lilipima kemikali asilia 78 kutoka kwa sponji, miani, kuvu na mimea ya nchi kavu. Karibu robo ya kemikali hizo zilizima mawasiliano ya bakteria wa majaribio bila kuwaua. Moja, asidi ya kojiki, ilipelekwa katika jaribio la maji ya bahari, na vipande vya kioo vilivyokuwa ndani ya maji yenye asidi hiyo vilipata bakteria na miani midogo michache kuliko vingine.

Asidi hiyo si ngeni Nairobi. Ilitenganishwa mara ya kwanza Japani mwaka 1907 kutoka kwenye kuvu wa kuchachulia mchele, na leo jina lake limeandikwa kwenye sabuni na krimu za kung'arisha ngozi katika maduka ya vipodozi ya Dubois Road. Dutu inayouzwa mjini kwa ajili ya uso ndiyo iliyojaribiwa Muscat kwa ajili ya meli.

Hata hivyo njia hii ina mitego, na ni haki isemwe. Bakteria hawana lugha moja. Kuna makundi makubwa yanayotumia vipande vya protini badala ya laktoni. Kibaya zaidi, mwaka 2003 Brian Hammer na Bonnie Bassler walionyesha kwamba bakteria wa kipindupindu hutenda kinyume: akidi ikitimia huacha kujenga utando na kutawanyika. Ukimkatizia yeye mazungumzo, huenda ukamfanya aendelee kujenga. Tena furanoni nyingine zina sumu yake, na kimeng'enya kinachokaa siku chache katika chupa lazima kistahimili miaka kadhaa katika rangi inayosuguliwa na maji ya chumvi. Mafanikio ya wazi zaidi hadi sasa yametokea kwenye mitambo ya kusafisha majitaka, ambako watafiti wa Seoul walitumia vimeng'enya hivyo kuzuia vichujio visizibe.

Gigiri, Bogoria na Waiyaki Way: 1992 hadi leo

Mwani wa Sydney uliibua swali ambalo maabara haiwezi kulijibu: kemikali ikipatikana katika kiumbe cha pwani fulani, faida ni ya nani? Sehemu ya jibu la swali hilo iliandikwa Nairobi. Tarehe 22 Mei 1992, Gigiri, wajumbe wa nchi walikubaliana maandishi ya Mkataba wa Bayoanuwai, uliotiwa saini Rio mwezi uliofuata. Mkataba huo ulitambua kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali za kijenetiki zilizo ndani ya mipaka yake.

Miaka hiyo hiyo Kenya ilikuwa ikipata somo chungu. Bakteria waliochukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria likiwamo, walizaa vimeng'enya vilivyotumiwa na kampuni za nje katika sabuni za kufulia na katika kupausha jinzi. Shirika la Wanyamapori lilidai mgao mwaka 2004, na mwaka 2007 likaingia makubaliano na kampuni ya Novozymes ya Denmark. Kati ya hapo, mwaka 2006, serikali ilitoa kanuni za upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na ugawaji wa faida. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, iliifanya kazi ya kulinda rasilimali hizo kuwa wajibu wa dola. Itifaki ya Nagoya, inayohusu ugawaji wa faida hizo kimataifa, ilianza kutumika Oktoba 2014, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zilizoiridhia mapema.

Mlango wa sheria hizo una anwani. Baraza la zamani la sayansi lilikuwa Utalii House, kando ya Uhuru Highway. Sheria ya 2013 ililigeuza kuwa tume, NACOSTI, na makao yake sasa yako Upper Kabete, karibu na Waiyaki Way. Anayetaka kukwangua utando wa sponji Wasini au mwani wa Kiunga kwa utafiti anahitaji kwanza kibali cha ofisi hiyo ya vitongoji vya magharibi. Wapo watafiti wanaolalamika kwamba vibali vinachelewesha kazi, na malalamiko yao yanastahili kusikilizwa. Lakini bila mlango huo, kisa cha Bogoria kingejirudia baharini, na safari hii bila hata mtu wa kuuliza.

Shinikizo la kupata jibu linaongezeka. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini lilitoa mwongozo wa kudhibiti uchafu wa meli mwaka 2011 na kuufanyia marekebisho mwaka 2023, kwa sababu viumbe wanaoganda melini hubebwa kutoka bahari moja hadi nyingine. Mradi wake wa kudhibiti tatizo hilo umezishirikisha Madagascar na Mauritius katika ukanda wetu. Kuanzia Januari 2023 cybutryne, sumu nyingine iliyochukua nafasi ya TBT, imepigwa marufuku kwa upakaji mpya. Sumu zinafungiwa milango moja baada ya nyingine, na shaba yenyewe inachunguzwa.

Kinachokosekana ni majaribio ya hapa. Maji ya Kilindini huwa na joto mwaka mzima, na utando wake hauna kipupwe cha kuupumzisha kama wa Sydney. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, imekuwa Mombasa tangu 1979. Chiromo ina wanakemia na wanabiolojia, na sheria ya kulinda watakachokipata imeshaandikwa. Bajeti ya vibao vya majaribio, kamba za kuvitundikia gatini na mwaka mzima wa kuvihesabu ni ndogo ikilinganishwa na mafuta ambayo meli moja iliyochafuka huyachoma bure njiani kuja Mombasa.